Muulize Shangazi: Tumrudishe kwa papa ili azoee?

*Shikamoo Shangazi.*

*Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ghalani Dubai na naishi Sharjah. Likizo hii ya shule mke wangu na watoto walikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Nilijipanga mapema, nikakata tiketi za Dubai Aquarium, lile tangi kubwa la samaki ndani ya Dubai Mall, kwa familia nzima, na shemeji yangu anayeishi Ajman akaja pia.*

*Mwanangu mkubwa, wa kiume, ana miaka sita. Pale nje, mbele ya kile kioo kikubwa, alikuwa na raha zake, anahesabu samaki taa wanavyopita na kuwapungia mkono. Tulipoingia kwenye handaki la kioo, papa mmoja akapita juu ya vichwa vyetu, meno nje. Mtoto akaganda, kisha akapiga ukelele, akaning'ang'ania mguu, akajikojolea. Mjomba wake akaona ni kichekesho. Akamnyanyua, akamsogeza kwenye kioo, "Huyu hapa papa, mle!", huku anarekodi kwa simu. Video ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sasa binamu zake kule Tanga wanamwita Papa.*

*Tangu siku hiyo haogi mpaka mama yake asimame mlangoni. Anasema papa anaweza kutokea kwenye tundu la maji. Usiku anaamka akilia. Wiki tatu zijazo wanarudi nyumbani, na tulishawaahidi watoto kwamba Idi wataenda Raskazone kuogelea. Mama yangu anasema mtoto ameshtuliwa, akifika asomewe na apewe kombe, maji ya aya za kunywa. Shemeji anasema dawa ya moto ni moto, tumrudishe kule kule mpaka azoee. Tiketi si bei ya karanga, lakini niko tayari kukata tena kama itamsaidia. Nifanye lipi? Na je, bahari ya Tanga ina papa wa kula watu? Mtoto kaniuliza, nikakosa jibu.*

*Baba wa wawili, Sharjah*

Marahaba, baba.

Tiketi usikate. Naanza na hilo kwa sababu najua mtu wa ghalani akisema yuko tayari kulipa tena, maana yake ni zamu nyingine za usiku, na zamu hizo hazitamtoa mtoto hofu hii.

Sasa chukua barua yako uisome upya, ujifanye ni ya mtu mwingine. Umesema mtoto alisimama mbele ya kioo kikubwa akahesabu taa, akawapungia mkono. Halafu mkaingia handakini akapiga ukelele. Baba, wale ni papa wale wale! Tangi ni lile lile, maji ni yale yale, lita milioni 10. Kilichobadilika ni kwamba pale nje mtoto alikuwa na nafasi nyuma yake. Papa akisogea, yeye anarudi hatua mbili, yamekwisha. Ndani ya handaki papa yuko kushoto, yuko kulia, yuko juu ya kichwa. Mbele watu, nyuma watu, na njia yenyewe ina mita 48. Kwa miguu ya miaka sita hiyo ni safari. Kisha mtu mzima anayemwamini akamnyanyua na kumpeleka upande ule ule anaoukimbia. Mimi na uzee wangu huu ningepiga ukelele, na sijui kama ningeishia kwenye ukelele tu.

Kwa hiyo usiishike habari hii kama ni ya papa peke yake. Ni habari ya mtoto aliyenyimwa nafasi ya kurudi nyuma.

Alichokiona nacho hakukibuni. Tangi lile linajulikana hasa kwa papa wa aina moja, wale ambao meno yao yanachomoza nje hata wakifumba mdomo, membamba, marefu, yamepandana ovyo. Mkubwa wao anafika mita tatu. Macho madogo, yametulia tu. Ukimwambia mtu achore papa mbaya, atamchora huyo. Kumbe kati ya papa wakubwa yeye ni katika wale wapole: huogelea polepole, na meno yale kazi yake ni kumnasa samaki mtelezi asichoropoke. Tena ana kituko ambacho mwanao atakipenda. Papa hawana kifuko cha hewa tumboni walichonacho changu na chewa, kwa hiyo wakiacha kuogelea huzama. Kinachowabeba ni lile ini kubwa lenye mafuta, ambalo wazee wetu walilikamua sifa, yale mafuta ya kupaka majahazi. Huyu wa meno nje ameongeza ujanja wake mwenyewe: hupanda mpaka juu, akabugia hewa, akaihifadhi tumboni, akashuka nayo ili aelee katikati ya maji bila kujichosha. Mwambie mwanao hivyo, kwamba yule aliyepita juu yenu huenda alikuwa amejaza tumbo upepo. Mtoto akijua jambo moja la kuchekesha kuhusu kitu anachokiogopa, haikawii atauliza la pili. (Yako na mengine kuhusu papa huyu, hasa yanayotokea kabla hajazaliwa, humo humo tumboni mwa mamaye. Hayo kaa nayo mpaka afike darasa la saba.)

Lipo swali ambalo hakukuuliza lakini nakuhakikishia analo: kile kioo kikipasuka? Usimjibu "hakipasuki" ukaondoka zako. Mjibu kwa uzito. Kile si kioo cha dirisha, ni akriliki, plastiki ngumu isiyo na ukungu, na ile sehemu kubwa ya mbele ina unene wa sentimita 75. Chukua futikamba, mpimie ukutani sentimita 75 kutoka sakafuni, asimame hapo aone itamfika wapi mwilini. Huo ni unene tu. Upana wake ni karibu mita 33 na kimo kinapita mita 8. Nimepiga hesabu hapa mezani: maji yaliyoegemea pale yanasukuma, usiku na mchana, kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 1,000. Kichwa cha papa mmoja hakiongezi kitu chochote cha maana juu ya hapo. Nakwambia na hili mapema kwa sababu ukitafuta mtandaoni utalikuta: tangi lilifunguliwa 2008, na 2010 liliwahi kuvuja. Watu wakaondolewa eneo lile, mafundi wakaziba, na hakuna papa aliyeonekana akitembea kati ya maduka. Mtoto akilisikia kwa binamu zake, wewe uwe ulishamwambia.

Na umwonyeshe kitu nyumbani. Maji yanadanganya jicho. Samaki aliye mita nne ndani ya maji, ukimtazama kupitia kioo bapa, unamwona yuko mita tatu, na kwa hiyo anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Tia kijiko kwenye gilasi ya maji, mwache achungulie upande. Watoto wa chekechea niliowafundisha pale Ngamiani walikuwa hawachoki na mchezo huu. Mmoja alitumbukiza rozari ya bibi yake, tukaitafutia maelezo baadaye.

Nirudi kwa shemeji yako. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomponza. Ni kweli hofu ikikimbiwa hunona. Moyo unaenda mbio, mtoto anakimbia, moyo unapoa, na kichwa chake kinaandika: nimesalimika kwa sababu nilikimbia. Kesho atakimbia mapema zaidi. Akibaki mahali anapoweza kustahimili, moyo utaenda mbio kisha utatulia wenyewe, na kile kitu bado kipo mbele ya macho. Hapo ndipo mtu anapozoea. Lakini abaki kwa hiari yake. Akishikiliwa kwa nguvu, anachojifunza ni kwamba mikono ya mjomba nayo haiaminiki, basi sasa ana vitu viwili vya kuogopa.

Na ikitokea mtoto mwenyewe akaomba kuwaona tena (aombe kweli, asishawishiwe kwa aiskrimu), huna haja ya tiketi. Kile kioo kikubwa kinaonekana bure ukiwa ndani ya Dubai Mall. Nendeni siku ya kazi asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mwache achague pa kusimama, hata ikiwa ni mbali kabisa, mlangoni mwa duka la viatu. Muulize, "Hapa, au turudi nyuma?" Akisema nyuma, rudini nyuma, na wewe usigune. Akisema nyumbani, nendeni nyumbani. Handaki lisitajwe. Na asipoomba mpaka siku ya ndege, apande ndege bila kuwaaga papa, hana deni nao.

Video ifutwe leo. Usingoje kesho. Andika kwenye kundi la ukoo, wewe baba mtu, kwa maneno machache: video ile iondolewe kwenye simu za watu wote, na mwanangu aitwe kwa jina lake. Mama yako ndiye wa kuwaambia wale binamu, maana nina hakika pale nyumbani akikohoa yeye kila mtu anakaa sawa. Shemeji naye amfuate mtoto, akae chini wawe kimo kimoja, amwambie, "Siku ile nilikukosea, sitakunyanyua tena bila wewe kutaka." Atasema ni utani wa mjomba na mpwa. Utani ninaujua, nimezaliwa ndani yake, na utani ambao mmoja wenu amelowa suruali haujafika kuwa utani. Habari ya suruali, kwa njia, isitajwe tena na mtu yeyote, hata kwa kumliwaza.

Tena, kwa kuwa tumegusa hapo, wazazi wengine wanaosoma safu hii nawaomba mnisikie. Sisi watu wa pwani tunawalea watoto kwa vitisho kisha tunashangaa wakiogopa. Lala, zimwi hilo! Kula, au nitamwita daktari akuchome sindano! Usiende ufukweni, mumiani! Na sasa nasikia kuna nyumba mtoto asipomaliza wali anaambiwa papa atamjia. Kinachotuudhi ni pale mtoto anapotuamini.

Kuhusu kombe. Mama yako simpingi. Mtoto akifika kwa babu, akawekewa mkono kichwani, akasomewa, nyumba nzima ikakaa kimya kwa ajili yake, atalala vizuri siku hiyo, na kulala vizuri ni nusu ya dawa. Ila mzungumze na sheikh kabla. Asije akaambiwa, mtoto akisikia, kwamba amepatwa na jini la bahari. Hapo mtakuwa mmemtoa papa mmemwingizia asiyeonekana kabisa, na huyo hana tangi.

Bafuni msibishane naye kuhusu tundu. Amekosea kipimo tu: papa anayemjua yeye ni mkubwa kuliko bafu zima. Mpe futikamba ile ile apime tundu mwenyewe. Aoge mlango wazi, shawa aishike yeye, kizibo akiweke na kukitoa yeye. Mama asimame mlangoni siku mbili tatu, kisha asimame sebuleni akiimba ili asikike, kisha aende jikoni. Usiku akiamka, mrudisheni kitandani kwake na mkae naye kidogo. Msimhamishie kitanda chenu kwa huruma, mtachukua mwaka kumtoa.

Sasa bahari ya Tanga. Usimwambie hakuna papa. Mimi ni binti wa mvuvi, nimekua nikiona papa wakishushwa, na mwanao akipita soko la samaki la Deep Sea asubuhi moja atawaona wamelazwa sakafuni, na kuanzia hapo hatakuamini tena. Mwambie wapo. Mwambie wako aina zaidi ya 500 duniani, wengine urefu wao hauzidi mkono wake, na wengi wao hawana habari na watu. Makumbusho ya Historia Asilia ya Florida, Marekani, hutunza daftari la watu wanaoumwa na papa dunia nzima. Wanaoumwa bila kumchokoza papa hawafiki 100 kwa mwaka, na wanaokufa huhesabika kwa vidole vya mikono. Sisi watu kwa upande wetu tunawaua papa kwa mamilioni kila mwaka, na aina nyingi zinakwisha. Papa mkavu wa nazi ninampenda, sijifichi, lakini papa wa utoto wangu na papa wa sokoni leo hawalingani kwa ukubwa, na kila mvuvi mzee atakwambia hivyo.

Atatokea mtu wa kukushauri umwambie mtoto, "Mbona wewe papa umemla kwa wali?" Angalia. Kuna mtoto darasani kwangu aliambiwa hivyo na baba yake, akafikiri kidogo, akasema: "Basi ndiyo maana wanatutafuta." Wengine inawatia nguvu, wengine ndiyo hivyo. Wewe unamjua wako.

Raskazone waende, ahadi ni ahadi. Ila kwenda ufukweni na kuingia majini ni mambo mawili. Achimbe mchanga, awakimbize kaa, alowe vifundo vya miguu kama anataka. Mama aingie yeye, aonekane anacheka, asimwite. Wale binamu wakianza "Papa! Papa huyo!" kila mtu atoke majini wakae mchangani robo saa, wataacha. Na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuangalia mambo ya kweli ya ufukwe ule: mtoto aliyefika kina kirefu, konyeza, na taa aliyejifukia mchangani, ambaye ukiburuta miguu badala ya kukanyaga atakupisha mwenyewe.

Hofu ya namna hii kwa umri huo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache mtoto asipochekwa. Ikiwa miezi inapita na bado haogi, halali, au anakataa shule, msingoje: mpelekeni hospitali, pale Bombo waulizeni daktari wa watoto awaelekeze kwa mtu wa ushauri. Hofu inayodumu miezi sita na kumzuia mtoto kuishi siku yake ni jambo linalotibika, na matibabu yenyewe yanafanana sana na ile hadithi ya mlango wa duka la viatu.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi nina miaka tisa, mama ananisaidia kuandika. Tulikwenda Oman Aquarium hapa Muscat. Mdogo wangu alilia, alisema papa watawamaliza samaki wote. Mimi nilimwambia hawawali, lakini sikujua kwa nini. Kwa nini hawawali?*

*Msomaji wako mdogo, Muscat*

Marahaba, bibi. Swali zuri kuliko mengi ninayoletewa na wakubwa.

Kwanza, wanashiba. Mwili wa papa wengi hauna joto lake wenyewe kama wako, kwa hiyo hauchomi chakula haraka. Wewe ukikosa chakula cha mchana unanuna. Papa mkubwa anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asinune. Kwenye matangi, watunzaji huwalisha mara chache tu kwa wiki, samaki waliopimwa, mara nyingi kila papa anapewa wake kwa mti mrefu ili wasigombane na kila mmoja ajulikane amekula kiasi gani. Pili, kuwinda ni kazi. Samaki mzima, mwenye macho mazuri na mkia wenye nguvu, ni mgumu kumkamata, na papa hapendi kupoteza nguvu zake kwa samaki atakayemponyoka huku anajua saa ya chakula inakuja.

Lakini ulisema "hawawali", na hapo nakurekebisha kidogo. Mara chache huwala. Mwaka 2016, Seoul, Korea Kusini, kwenye tangi moja kubwa, papa jike mwenye meno ya nje alimmeza papa mwenzake mdogo. Alianzia kichwani, ikamchukua karibu saa 21, na mkia wa mwenzake ukabaki ukining'inia nje ya mdomo wake siku nzima watu wakimpiga picha. Watunzaji walisema walikuwa wamegombania eneo, mdogo akamgonga mkubwa. Kwa hiyo sababu haikuwa njaa.

Mdogo wako mwambie hivi: samaki hawataisha, kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ni kuwahesabu na kuwalisha. Habari ya Seoul amua mwenyewe kama umwambie. Mimi ningengoja akiwa ameshiba na kuna jua.

*

*Jambo sana Shangazi. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo, sasa tunakaa Clarkston karibu na Atlanta. Shule ya binti yangu wa miaka minne inawapeleka watoto Georgia Aquarium. Wameniletea karatasi nitie saini na wameuliza kama naweza kwenda nao. Binti anasema hataki, kuna papa mkubwa atammeza. Mimi mwenyewe maji nayaogopa sana. Kwetu, ziwani, mamba walikula watu tuliowajua. Nimkatalie safari?*

*Mama wa Clarkston*

Mama, pole kwa uliyoyaona. Sitakwambia hofu yako ni ya bure. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika akiwa haogopi maji, huyo ndiye ninayemtilia shaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe una haki ya kushtuka.

Ila binti yako hajawahi kumwona mamba. Miaka minne ni umri ambao mtoto akikutana na kitu kigeni, kabla ya kukitazama chenyewe, hutazama kwanza uso wa mamaye. Akiuona umebana, ameshapata jibu. Kwa hiyo saini karatasi, aende, na wewe safari hii usiende naye. Hujamtupa. Mwalimu wake anayempenda amshike mkono, uso wake mwalimu hauna mamba. Mweleze mwalimu kabla, kwa mdomo, hata kwa mkalimani: mtoto ana hofu, asipitishwe handakini kama hataki, asinyanyuliwe kusogezwa kioo, na awepo mtu wa kukaa naye nje wengine wakipita. Walimu wa huko wamezoea maombi kama haya.

Huyo mkubwa anayemtaja nadhani ni papa potwe. Georgia Aquarium ilifunguliwa 2005, ina tangi la karibu lita milioni 24, na ilikuwa ya kwanza nje ya Asia kuwaweka. Walinunuliwa Taiwan, katika mgao wa waliokuwa wavuliwe kwa chakula. Mwambie binti: huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vidudu na kamba wadogo kuliko ukucha wako, anaowachuja kutoka majini. Mdomo ni mpana sana, lakini koo ni jembamba, mtoto hapiti. Kule kisiwani Mafia, Tanzania, potwe hufika mbele ya Kilindoni kuanzia kama Oktoba hadi Machi, na wavuvi humfurahia kwa sababu alipo yeye na dagaa wapo. Hushusha nyavu pembeni yake. Watu huogelea naye kwa kulipia. Wakenya humwita papa shilingi kwa yale madoa meupe mgongoni, wanasema Mungu alimtupia sarafu.

Mtafutie picha yake, ichapishwe iwe ndogo, mpe kalamu ahesabu shilingi. Anayehesabu mgongo wa mnyama hana muda wa kuangalia mdomo.

Akirudi, usimuulize "Uliogopa?" Muulize ameona nini, kisha nyamaza umsikilize, hata hadithi ikiwa ndefu kuliko safari yenyewe. Na wewe mama, siku ambayo binti yuko shuleni na huna haraka, nenda hospitali ya hapo mtaani uulize mtu wa kuzungumza naye kuhusu ziwa. Waombe mkalimani wa Kiswahili, wanao.